UA UMEKUWA MSITU? UPUNGUZE MWENYEWE

Hebu toka nje uangalie ua wa shamba lako, ile fensi ya miti ambayo pengine ilipandwa na baba au babu. Je, bado ni ua ama umekuwa msitu? Kama matawi yamefika kwenye mahindi, kama humwoni mtu akipita upande wa pili, kama watoto wakienda shule wanainama ndio wapite njiani, basi kazi imekungoja kwa muda mrefu.

Wengi wetu huahirisha kazi hii. Tunasema, "Nitatafuta kibarua mwezi ujao." Mwezi ujao ukifika kuna karo, kuna mbegu, kuna mgonjwa. Ua nao haungoji, kila mvua unaongeza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunaweza kusema: usipopunguza tawi, utakata gogo.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupunguza ua uliozidi, wewe mwenyewe na watu wa nyumbani, au pamoja na wenzako wa kikundi. Hakuna mashine inayohitajika. Kinachotakiwa ni panga kali, mpango mzuri na subira.

KWA NINI TUSIUACHE TU?

Shamba linaliwa. Tuchukue mfano. Ua wa mita 50 uliotakiwa uwe na upana wa mita 1 sasa una mita 3. Hizo mita 2 za ziada mara 50 ni mita 100 mraba. Kama ua uko mpakani, wewe umepoteza mita 50 na jirani 50. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mita 50 mraba zinachukua zaidi ya mashina 200. Hapo hatujahesabu kivuli, wala mizizi inayonyonya maji na mbolea ya mistari iliyo karibu.

Ulinzi unapungua. Watu hudhani ua mkubwa ndio ulinzi mkubwa. Si kweli. Ua ulioachwa huwa mnene juu lakini chini unabaki wazi, kwa sababu jua halifiki huko na matawi ya chini yanakufa. Mbuzi anapita, mbwa anapita, mwizi naye anapita. Zaidi ya hayo, kando ya njia, kichaka ni mahali pa kujificha mtu mwenye nia mbaya. Akina mama wanaotoka sokoni jioni na wasichana wanaotoka shule wanajua vizuri hofu hiyo.

Afya inaguswa. Panya hupenda kichaka, na nyoka humfuata panya. Takataka zinazotupwa uani, kama mikebe na chupa zilizovunjika, hushika maji ya mvua na mbu hutaga mayai humo. Majani yenyewe hayazalishi mbu, ni yale maji.

Ujirani unaharibika. Kesi nyingi zinazofika kwa wazee wa kijiji zilianza na tawi lililoangukia upande wa pili.

UA NI ALAMA YA MPAKA

Kabla ya kushika panga, elewa jambo hili moja. Katika sehemu nyingi za Kenya, mashamba yalipogawanywa na kuandikishwa kuanzia miaka ya 1950, watu waliambiwa wapande ua mpakani. Ua ulipokua ulionekana katika picha zilizopigwa kutoka kwa ndege, na ramani nyingi za ardhi zilichorwa kutokana na picha hizo. Kwa hivyo ua wa zamani ni shahidi. Ukiung'oa, umeng'oa shahidi wako mwenyewe.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema ni kosa kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili wa ardhi. Kupunguza matawi ni jambo lingine, hiyo ni kutunza. Lakini kung'oa mashina na kupanda mapya mahali pengine, hapana. Na kama kuna ubishi juu ya mahali mpaka ulipo, sheria hiyo inasema korti haisikilizi kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla msajili hajaamua mpaka uko wapi. Usipoteze pesa kwa kukimbilia korti kwanza.

Jambo lingine ambalo wengi hawalitambui: ua hutembea. Upande mmoja ukikatwa kila mwaka na mwingine ukiachwa, ua unasogea polepole kuelekea upande ulioachwa. Tawi likigusa udongo linaweza kutoa mizizi na kuwa shina jipya. Baada ya miaka 20, mtu anadai shina jipya ndilo mpaka. Anayeumia mara nyingi ni mjane au familia ambayo vijana wote wako mjini, kwa sababu hakuna mtu wa kukata upande wao. Kwa hivyo kazi hii pia ni kulinda haki yako.

ANZA NA JIRANI, SI NA PANGA

Mwendee jirani nyumbani kwake, siku ya amani. Mwambie, "Mzee, ua wetu umezidi. Nataka tuupunguze, naomba tuangalie pamoja." Tembeeni kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuteni mashina ya zamani, yale manene, yenye magamba magumu na yaliyojipanga kwa mstari mmoja. Huo ndio mstari wa kwanza. Pigeni vigingi na kufunga kamba juu ya mstari huo. Kama kumewahi kuwa na maneno kati yenu, mwiteni mzee mmoja wa kijiji aone kamba kabla tawi lolote halijakatwa. Kubalianeni pia ni nani atachukua kuni.

JUA MTI WAKO

Miti haikatwi kwa njia moja. Angalia ua wako ni wa aina gani.

Kayaba (wengine huuita kaiyaba). Huu ni mti wa miiba mirefu uliotoka kusini mwa Afrika. Ni mvumilivu sana. Hata ukikatwa mpaka kwenye shina kuukuu, unachipuka tena. Huu unaweza kuupunguza bila hofu.

Saipresi, ule mti tunaokata wakati wa Krismasi. Huu ni kinyume cha kayaba. Ukikata mpaka ndani penye matawi makavu ya rangi ya kahawia, hautachipuka tena hapo. Utabaki na kidonda milele. Kata ncha tu, na uache majani mabichi kwenye kila tawi. Kama umeshakuwa mti mkubwa, ni afadhali kupanga kupanda ua mwingine kando yake ndani ya shamba lako, na kuondoa saipresi kidogo kidogo. Kabla ya kuangusha miti mikubwa, uliza kwa chifu au ofisi ya misitu kama kibali kinahitajika. Ukiona saipresi inakauka kwa mabaka bila kukatwa, huenda ni vidukari walioingia nchini mwaka 1990 na kuharibu miti mingi.

Mnyaa (Wakikuyu huuita kariaria, Waluo ojuok). Unachipuka vizuri, lakini maziwa yake ni hatari kwa macho. Tutarudi kwa jambo hili.

Lantana. Hii ilitoka Amerika na imekuwa gugu. Inachipuka sana, na ndege hueneza mbegu zake. Kama ndiyo ua wako, ikate kabla haijatoa matunda.

Tithonia, ile yenye majani machungu na maua ya njano kama alizeti. Kata wakati wowote. Inarudi haraka na majani yake ni mali, kama tutakavyoona.

WAKATI MZURI

Wakati bora ni wiki chache kabla ya mvua. Mahali penye mvua ndefu ya Machi hadi Mei, fanya kazi Februari au mwanzo wa Machi. Penye mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba, fanya Septemba. Mti ukikatwa wakati huo, mvua inaukuta tayari kuchipuka. Ukikata mwanzo wa kiangazi, chipukizi changa zitachomwa na jua. Angalia pia viota. Kama ndege ameatamia mayai, acha sehemu hiyo wiki chache.

VIFAA NA NGUO

- Panga lililonolewa vizuri kwa tupa. Panga butu linaponda mti na kumchosha mtu. Tena ndilo linaloteleza na kukata mguu.
- Msumeno wa mkono kwa tawi lolote lililo nene kuliko kidole gumba mara mbili.
- Upembo, yaani mti mrefu wenye ndoano mwishoni, wa kuvutia matawi ya miiba. Tengeneza mwenyewe kutoka kwa tawi lenye panda.
- Reki au uma wa shamba wa kukusanyia.
- Kamba na vigingi.
- Viatu vya gambuti au viatu vigumu, suruali ndefu nzito, shati la mikono mirefu, na kofia.
- Glovu za ngozi. Ukikosa, funga gunia mkononi.
- Miwani ya kazi. Usione hii ni anasa. Kikundi kinaweza kununua moja au mbili za kuzungushwa. Miwani ni bei rahisi kuliko jicho.

HATUA KWA HATUA

Hapa tunachukua ua wa kayaba, kwa sababu ndio ulio mwingi na ndio unaoogopwa zaidi.

1. Gawa kazi. Usiangalie ua mzima, utakata tamaa. Pima hatua 10 kwa miguu, piga kigingi. Maliza hizo kabla ya kuingia nyingine.

2. Safisha chini. Kwanza piga piga kichaka kwa mti mrefu na ungoje kidogo. Nyoka wengi watatoroka wakipewa nafasi. Ondoa nyasi, mimea inayotambaa, mikebe na chupa. Usitie mkono mahali usipopaona. Ukikuta nyuki, ondoka polepole na umtafute mfuga nyuki awahamishe.

3. Kata upande mmoja tu mwaka huu. Hii ndiyo siri kubwa. Ua mzee ukikatwa pande zote mbili na juu kwa siku moja unaweza kulemewa. Tena wewe utabaki bila fensi na ng'ombe wako wako nje. Kata upande mmoja karibu na mashina, uache upande wa pili na majani yake. Upande wa pili utaukata mwaka ujao, wakati huu umeshajaa.

4. Anza chini kwenda juu. Ukianza juu, matawi yataning'inia kwenye yale ya chini na kukusumbua. Vuta tawi kwa upembo, mwenzako alikate. Tawi dogo lipige panga kutoka chini kwenda juu, kwa mshazari, ili lisipasuke. Simama ukiwa umetanua miguu, na panga lipite kando yako, lisielekee mguu.

5. Tawi nene lina kanuni yake. Kwanza kata kwa msumeno kutoka upande wa chini, robo ya unene. Kisha sogea kidogo kuelekea nje ukate kutoka juu mpaka lianguke. Mwisho safisha kisiki kilichobaki, karibu na shina lakini bila kuchuna ganda lake. Ukikata kutoka juu peke yake, tawi litaanguka na kuchuna ganda la shina mpaka chini, na kuoza kutaingilia hapo.

6. Shusha kimo. Kimo cha kifua, yaani karibu mita 1.2 hadi 1.5, kinatosha kwa shamba. Kama ua umefika mita 4, ushushe kwa misimu miwili. Usiegemeze ngazi kwenye ua wala usipande juu yake. Kama kuna waya wa stima juu au karibu na matawi, usiguse kabisa. Ripoti kwa kampuni ya umeme waje wenyewe.

7. Toa umbo la paa la nyumba. Chini kuwe kupana, juu kuwe kwembamba. Tuseme chini sentimita 90, juu 50. Kwa njia hiyo jua linafika mpaka chini na ua haubaki na mianya. Watu wengi hukata wima au hata kuacha juu kupane kama mwavuli, ndiyo maana nyua zao zina matundu ya mbuzi.

8. Ziba mapengo. Penye shina lililokufa, chimba shimo, ondoa mizizi ya zamani, weka samadi na upande miche mipya kwa umbali wa futi moja moja, juu ya mstari ule ule wa kamba. Kayaba inapandwa kwa mbegu kutoka kwa matunda yaliyoiva. Anza kitalu mapema. Zuia mbuzi kwa matawi ya miiba uliyoyakata.

9. Usiuache tena. Chipukizi zikifika urefu wa shubiri moja, zipunguze nusu. Hapo ndipo ua unapofunga vizuri. Baada ya hapo kata mara mbili au tatu kwa mwaka, wakati matawi bado ni laini.

IKITOKEA AJALI

Watoto wasiwe karibu wakati wa kukata. Miiba ikichoma, ing'oe yote, osha kwa maji na sabuni, na uende kliniki uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Mahali pakivimba au kiungo kikauma baada ya siku chache, huenda kipande kimebaki ndani. Usikichimbe na wembe, nenda hospitali.

Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni, usisugue. Mimina maji safi mengi mara moja, kwa dakika 15 au zaidi, mgonjwa akifungua jicho, kisha mpeleke hospitali. Kuna watu wanaotia maziwa ya mama au majani yaliyopondwa jichoni. Tafadhali tuache desturi hiyo, inaleta maambukizo na inapoteza wakati. Mwiba ukikwama kwenye jicho lenyewe, usiutoe. Funika jicho kwa kikombe kisafi bila kuligandamiza na mkimbie hospitali.

Nyoka akiuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize mgonjwa, vua pete na bangili, zuia kiungo kisitembee na mpeleke hospitali upesi.

MATAWI YAENDE WAPI?

Usiwashe moto mkubwa palepale. Moto huchoma ua wenyewe na huenda ukavuka kwa jirani, na majani ni chakula cha udongo.

Matawi manene ya kayaba na saipresi ni kuni. Yakaushe mahali pakavu. Matawi madogo ya miiba yazungushie miche au boma la kuku.

Tithonia ni mbolea. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, na yanaoza upesi. Yakatekate, yatandaze shambani na uyafukie kabla ya kupanda mahindi au sukuma wiki.

Lantana usiwape mifugo. Ng'ombe akiila anaweza kuugua ini na ngozi yake kuchomeka akikaa juani. Irundike ioze, bila mbegu. Mnyaa nao usitumie kama kuni, na usiache vipande vyake shambani, maana kipande kidogo tu kinaweza kutoa mizizi.

KAZI HII NI TAMU IKIWA YA KIKUNDI

Mtu mmoja na ua wa mita 50 ataona mlima. Watu 10 wataona kazi ya asubuhi chache. Mababu zetu walijua hivyo. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, Waluo wana saga. Kama kikundi chenu kina meri-go-raundi ya pesa, kwa nini kisiwe na meri-go-raundi ya nguvu? Leo kwa mama huyu, Jumamosi ijayo kwa mwingine.

Tunapendekeza mwanze na nyumba zisizo na mikono: wajane, wazee, na wagonjwa. Mkifanya kazi yao mbele ya jirani na mzee wa kijiji, mmewasaidia mara mbili. Ua umepungua, na watu wengi wameona mpaka uko wapi. Mwenye nyumba atoe uji au chai tu, isiwe karamu ya kumtia deni. Kisha andikeni katika kitabu cha kikundi: tarehe, ua wa nani, nani alikuwepo. Mistari hiyo mitatu inaweza kumwokoa mtu siku moja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nyua gani zimezidi mpaka njia imekuwa ya hatari? Ni za nani, na kwa nini hazijakatwa?

2. Je, tunajua mtu ambaye mpaka wake umesogea? Ni nani anayejua mstari wa zamani, na tutamuuliza lini kabla hajatuacha?

3. Tuna panga ngapi, msumeno mmoja au hakuna? Tukichanga kidogo kidogo, tunaweza kununua nini kwanza?

4. Kabla ya mvua ijayo kuna Jumamosi ngapi? Tutaanza kwa nani?

Swali la nne lijibiwe kwa jina la mtu na tarehe, na liandikwe kitabuni kabla mkutano haujafungwa. "Tutaona" si jibu.